Mafuta ya Kondoo kwenye Pikipiki ya Mzee Wolfgang

Jumatatu, 7 Julai

Baridi kali. Mlima Hanang umejifunika wingu tangu asubuhi. Natamani na mimi ningejifunika.

Jana baada ya ibada nilifungua mdomo. Mdomo huu! Mzee Wolfgang alikuwa anashuka kwenye pikipiki yake, ile kubwa ya safari yenye mabegi ya chuma ubavuni, aliyoongozea watalii Arusha kabla hajastaafu. Inalia nyuma, kwii, kwii, kila shimo. Akalalamika kiuno kimekwisha. Nikampa shikamoo, nikamwambia mbele ya waumini wote kwamba hizo ni pini za nyuma, pale shokapu inapoungana na mkono unaobeba tairi, zimekauka grisi. Nikaongeza kwamba pikipiki kubwa ndiyo fani yangu. Fani yangu! Mimi naziba pancha za baiskeli.

Lakini Getruda alikuwa amesimama pale. Getruda ni binti yake. Washenga wangu walikwenda kwao baada ya Pasaka, Mzee akawajibu "tutaona". Wiki iliyofuata wakaenda washenga wa Renatus, akawajibu "tutaona" vilevile. Renatus ni fundi pikipiki wa hapa Nangwa. Ana ovaroli yenye jina lake kifuani. Nani anashona jina kifuani? Anaogopa kujisahau?

Leo Mzee ameniita. Jumamosi anampeleka mkewe, Mama Marieta, hadi Mbulu kwenye jubilei ya dada wa huyo mama, ambaye ni sista. Nihakikishe pikipiki imenyamaza kufikia Ijumaa. Wakifika salama na mkewe hajalalamika, atawapa washenga wangu jibu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi wote nimebaki nao mimi.

Jumanne, 8 Julai

Bibi Zita, bibi yangu aliyenilea, yuko Getanuwas kwa dada yake hadi Jumapili. Afadhali. Hakuna wa kuniuliza maswali.

Pikipiki ina uzito wa ng'ombe mwenye mimba. Nimeifunga kwa kamba kwenye boriti ya banda, nyuma inaning'inia. Nikafungua video kwenye simu. Mzungu mmoja anafungua bolti huku anatabasamu. Nikafungua. Anachomoa pini. Nikachomoa, kwa nyundo na kwa machozi. Akainua kidole, akasema sasa sikilizeni, hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Bando likaisha.

Aisee! Si angesema hilo mwanzoni?

Nikavuta bushi, kile kibomba pini inamopita, kwa akili yangu mwenyewe. Ndani kumbe kuna beringi ya vijiti vya chuma vyembamba, kama sindano zilizokatwa ncha. Vyote chini, kwenye vumbi. Na kuku wa Bibi hao, mbio! Nimeokota hadi mgongo umekataa kunyooka. Nikavipanga mahali pake. Kimoja hakipo. Yule tetea mwekundu ananikwepa macho.

Jumatano, 9 Julai

Siku nzima nimemlinda tetea. Nimemfunga mguu kwenye kigingi, namlisha mahindi, nachunguza anachotoa. Nina miaka thelathini na moja. Wenzangu niliosoma nao wana nyumba za bati.

Renatus akapita. Haendi popote njia hii, amekuja makusudi. Akanisalimia kwa adabu nyingi mno, akauliza kama siku hizi nimehamia ufundi wa kuku. Kisha akasema grisi na bomba lake vipo dukani kwake, nikihitaji nichukue tu, sisi ni majirani. Hiyo huruma yake! Ovaroli yenyewe imepigwa pasi! Nikamjibu kwamba nina grisi maalumu ya kutoka nje. Akauliza nje ipi. Nikasema nje.

Jioni Getruda kaleta chai kwenye chupa. Akasema kamwombe Renatus grisi, kuna ugumu gani? Nikamwambia asiniingilie kazi. Kaondoka na chupa yake kabla sijanywa. Roho inaniuma hadi sasa.

Alhamisi, 10 Julai

Tetea ametaga yai. Ndani ya yai hamna chuma, nimelikaanga kuhakikisha. Basi. Nimekata spoku ya baiskeli urefu uleule na kuichomeka pale palipopungua. Inaingia ukiisukuma.

Sasa grisi. Nimezunguka nyumba nikitafuta cha kupaka. Kwenye ukuta wa chumba cha Bibi imening'inia sketi ya ngozi ya mama yake. Nikaigusa. Laini! Ngozi ya tangu enzi za wakoloni, iliyotembea nyanda zote hizi kufuata ng'ombe, imekaa kiunoni mwa mtu na haikuwahi kulia kwii. Kwa nini? Inapakwa mafuta ya mkia wa kondoo!

Na kibuyu cha mafuta hayo kiko pembeni yake. Kimejaa hadi shingoni, kimefungwa kwa ngozi vizuri sana. Ajabu Bibi hakitumii. Mafuta mengi hivyo yanakaa bure.

Nimeyachanganya na masizi ya sufuria ili yawe meusi. Ukiyatazama huwezi kuyatofautisha na grisi ya dukani. Ukiyanusa unaweza.

Ijumaa, 11 Julai

NIMEFAULU!

Nilijaza mafuta kila tundu, nikarudisha pini, nikakaza. Imebaki bolti moja. Nimeitia mfukoni, wazungu hupenda kuweka za akiba. Mchana wenye jua Mzee akaja, akaijaribu hadi Endasak na kurudi. Haikulia! Hata kidogo! Akasema imekuwa laini kama mpya. Akaniita kijana wangu. Akauliza grisi gani hii, nikasema ni siri ya ufundi. Mama Marieta akasema anasikia njaa ghafla, hajui kwa nini.

Getruda alitabasamu akiwa mlangoni. Nimesamehewa chai. Nimekwenda kupita mbele ya duka la Renatus taratibu, mara mbili, nikipiga mluzi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwisha.

Alfajiri baridi ilikuwa ya kuvunja meno. Nikaenda kuwaaga. Mzee akakaa, Mama Marieta akapanda nyuma na kikapu cha zawadi za Sista. Siti haikushuka hata kidogo. Mzee akairukia kwa makalio. Haikutikisika. Mafuta yalikuwa yameganda kama mshumaa! Akaniangalia. Nikamwambia ndivyo zinavyoanza, zikipata moto zinalegea. Kwa kweli sikusema uongo.

Saa nne Getruda akanipigia. Mama yake amempigia kutoka Dareda analia. Njia nzima wamerushwa kama mahindi kwenye gunia, kila jiwe linapanda moja kwa moja hadi kichogoni. Mzee ameshushwa na watu wawili. Nikamwambia Getruda awape moyo, jua linatoka.

Jua likatoka. Mungu wangu, lingebaki huko huko!

Saa saba akapiga tena. Mafuta yameyeyuka yote, yamechuruzika kwenye bomba la moshi, na pikipiki sasa inanukia nyama choma. Wakati wanapanda mlima kuelekea Dongobesh mwendo wa pole, mbwa wametokea kila boma. Mama Marieta amewatupia maandazi ya Sista ili wawaache. Wamekula maandazi na wakaendelea kufuata. Na kwii imerudi, kubwa kuliko mwanzo.

Jioni hakupiga. Nilipopiga mimi, akapokea, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba wazazi wake wameingia kwa masista huku wanasindikizwa na mbwa. Kwaya ilikuwa mazoezini, ikashindwa kuimba. Mbwa wamelala chini ya pikipiki wanairamba. Sista mkuu ameuliza ni nani ameficha kondoo humo ndani. Na Mama Marieta, aliyesuka nywele wiki nzima kwa ajili ya siku hiyo, amejifungia chumbani.

Halafu Getruda akakata simu.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani. Nilijifanya naumwa, na kufikia mchana naumwa kweli.

Bibi karudi. Nikamwamkia shikamoo, akanipokea vizuri, akaniletea maziwa ya mgando kutoka kwa dada yake. Kisha akaingia chumbani kwake. Akatoka na kibuyu kitupu.

Sijawahi kumwona Bibi akikosa nguvu za kunigombeza. Akakaa chini. Akasema yale yalikuwa ya kondoo wake wa mwisho. Aliyayeyusha mwenyewe siku washenga wangu walipoondoka kwenda kwa kina Getruda, kwa sababu kwetu bibi harusi hapokelewi mlangoni mpaka apakwe mafuta na mama wa boma. Mama yangu hayupo, basi yeye ndiye angempaka. Alikuwa anajiombea afike siku hiyo.

Nikamweleza yaliko. Akasema kwa mila zetu aliyepakwa ndiye bibi harusi, kwa hiyo nikaishi na pikipiki.

Nimelia. Siandiki zaidi.

Jumatatu, 14 Julai

Pikipiki imerudi juu ya fuso. Mzee na Mama Marieta wamekaa mbele na dereva, hawaangaliani.

Imepelekwa kwa Renatus, nyumba ya pili kutoka kanisani, watu wamejaa. Nimechungulia nyuma ya mtu mnene. Amechomoa kila pini, ameosha kwa petroli, amepaka grisi. Akainua spoku yangu juu wote waione. Halafu akauliza kwa upole kama kuna anayeifahamu. Nikapekua mfuko nipate kitambaa cha kujifunika uso. Kwenye pindo la suruali nikakuta kile kijiti cha beringi. Kumbe muda wote! Na mimi nimemfunga tetea wa watu.

Jumanne, 15 Julai

Mzee amewaita washenga wangu. Nilijua ni kukataliwa. Sikula.

Wamerudi na jibu. Amesema Renatus ni fundi mzuri na atamlipa kama fundi. Kuhusu binti, Getruda mwenyewe amesema hataki fundi, amemtaka Joakimu, na ameulizwa mara ya pili akasema hivyo hivyo. Mimi! Sikuamini, nikawataka warudie.

Ila kwanza Mama Marieta apozwe aibu yake. Nilete kondoo dume mwenye mkia mnono, kesho kutwa, mbele ya wazee wa boma. Kondoo tu. Wakiridhika, mahari yazungumzwe. Getruda naye ametuma neno lake: leta kondoo, usiongeze ujuzi wowote.

Nimeruka hadi nimegonga kichwa kwenye boriti.

Jumatano, 16 Julai

Bibi amelainika. Anasema dada yake wa Getanuwas ana dume mwenye mkia wa kujaza karai, niende leo nimwamkie, nimweleze ukweli wote, atanipa bila neno. Nimweleze ukweli! Getanuwas nzima icheke? Asante.

Ninaye kondoo wangu mwenyewe. Dume kweli. Mkia wake ndio mwembamba kidogo, kama kamba ya kiatu. Lakini ana manyoya marefu, na kule uani kwa Mzee Wolfgang wameitupa siti ya pikipiki iliyoraruliwa na mbwa. Sponji yake imara sana. Nimeshaichukua. Nimeikata umbo la mkia, na sindano na uzi ninavyo. Wazee watatazama tu. Nani anapapasa mkia wa kondoo mbele ya watu?

Bado unanukia kidogo yale mafuta. Hiyo ndiyo nzuri, utaonekana wa kweli. Mzee alisema tutaona. Kesho ataona!