Taa Iliyozimika kwa Adabu

Asubuhi ile Toktosun alikuwa anamtibu mgonjwa mzima. Mgonjwa mwenyewe ni gari ya mwalimu mstaafu, imetunzwa kuliko meno ya mwalimu, na daktari alikuwa amejikunja kwenye kiti cha mbele, mkono mmoja chini ya kiti, mdomo unasifia zulia.

"Hili zulia umelisafisha mwenyewe, mwalimu?"

"Mke wangu."

"Mungu amuweke," akasema Toktosun, na vidole vyake vikachomoa plagi ya njano.

Plagi hiyo ni ya waya wa eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka watu wakigonga. Wametia rangi ya njano ili mtu asiguse. Toktosun aliisoma rangi ile kama kadi ya mwaliko. Ukiichomoa, gari inadhani eabegi imepotea, na pale mbele inawaka taa nyekundu: kimtu kimekaa, kimekumbatia puto. Taa hiyo haizimi. Hapo Toktosun anatikisa kichwa kama aliyeleta habari za msiba, anasema umeme wa eabegi umekufa, puto linaweza kumlipukia mtu usoni akiwa amesimama tu barabarani. Mwenye gari anapauka, bei inaporomoka, Toktosun ananunua. Akikata kona anachomeka plagi, anauza kwa bei ya gari nzima. Soko la magari la Bishkek lilikuwa limemlisha hivyo miaka kumi na tisa. Mchezo huo hakuwahi kuuita wizi. Aliuita uchunguzi.

Lakini mwalimu alisema, "Asante, nitampelekea mwanangu, ni fundi umeme," akaondoka na taa yake inawaka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ile ilikuwa mbaya. Kwenye koti la Toktosun kulikuwa na dola elfu mbili na mia sita, na hazikuwa zake. Zilikuwa za farasi. Jumamosi mama mkwe wake anatimiza miaka themanini, wageni mia na hamsini wameshaalikwa, na kumwalika mtu karamuni bila nyama ya farasi ni kumwita aje aangalie ukuta wako. Mkewe, Anarkul, alikuwa anaenda mnadani Ijumaa alfajiri. Toktosun alizichota Jumatatu sandukuni kimyakimya, azizungushe mara moja, arudishe zikiwa zimenenepa.

"Sura yako leo kama tanuri limezima," akasema Ergesh, muuza sambusa.

"Nipe sambusa, niachie sura yangu."

Alikuwa anapuliza kitunguu cha moto ndipo binti mmoja akasimama mbele yake. Kitambaa cheupe kichwani, viatu vina tope la mbali, nyuma yake gari ya Kijapani ya kijivu inang'aa.

"Samahani, kaka. Namtafuta fundi anayejua umeme wa eabegi."

"Umempata. Nani kakuelekeza?"

"Shemeji yangu mkubwa."

"Anaitwa nani?"

Binti akainamisha macho. "Kaka, si unajua siwezi kulitamka. Mimi nimeolewa pale. Mimi naitwa Burul tu."

Toktosun moyo ukamlainika. Wake wa siku hizi wa mjini wanamwita baba mkwe kwa jina kama wanaita paka. Huyu bado anashika adabu, hatamki jina la mtu wa kwa mumewe hata akikanyagwa. Mtu mwenye heshima namna hii, akawaza, atajuaje habari za waya?

"Na gari ya nani?"

"Ya baba mkwe, Mzee wa Nyumba Kubwa. Anataka elfu nne, anunue kondoo. Jina lake limo kwenye karatasi, soma mwenyewe, nisije nikajisahau nikalitaja."

Toktosun akaingia ndani. Akageuza ufunguo, taa zote zikawaka. Akawasha injini, taa zote zikazima, pamoja na ya puto. Gari nzima. Akaanza kusifia zulia, mkono ukateremka, plagi ya njano ikatoka.

"Washa tena, binti."

Burul akawasha. Taa ya puto ikawaka, injini ikanguruma, taa ikazimika kwa adabu zake zote.

Toktosun akakohoa. Akazunguka kiti cha pili, akachomoa ya pili. "Washa." Ikawaka, ikazimika.

Mfukoni alikuwa na kile kifaa cha kupimia, kinachoulizana na kompyuta ya gari. Hakukitoa. Kifaa kile kina kasoro moja, kinasema kweli mbele ya mteja. Na kingine alichokuwa nacho Toktosun, akili, siku hiyo kilikuwa kimekwenda mnadani kutafuta farasi.

"Si imezima, kaka?" akauliza Burul. "Si ndo vizuri?"

Mtu mwingine angesema ndiyo. Toktosun akavuta pumzi.

"Binti. Taa inayowaka ni mgonjwa anayelia, huyo unamtibu. Huyu wako ananyamaza. Nikwambie kilichopo hapa? Kuna mtu kaunga waya wa hii taa na waya wa taa ya oili. Injini ikishika, zinazima pamoja, nyie mnapiga makofi. Kumbe ndani ya usukani hamna eabegi. Mna matambara. Hii gari ilishagonga vibaya, na mbele yake na nyuma yake hazikuzaliwa siku moja."

Akajishangaa. Tangu aanze kazi hajawahi kutunga uongo uliokaa vizuri hivyo, una mwanzo na una mwisho.

Burul akashika shavu. "Una uhakika?"

"Macho yangu hayajawahi kunidanganya."

"Basi wametuingiza mjini." Machozi yakaanza. "Mzee atanirudisha kwetu. Kaka, naenda wapi na hii gari sasa?"

"Mimi nitaichukua, nitoe vipuri. Elfu mbili."

"Elfu mbili ya kondoo gani? Sitaki uniue. Elfu tatu."

"Elfu mbili na mia tatu, na hapo nalia na mimi."

"Kaka, una mke, una mama mkwe. Fikiria ni wao wanalia hapa."

Toktosun alimfikiria mama mkwe, akafikiria pia mnunuzi mmoja wa elfu nne na nusu aliyeahidi kupita saa tisa. Akatoa zote. Elfu mbili na mia sita. Burul akazihesabu huku anapenga kamasi, akampa karatasi za gari na namba yake ya simu, akainua viganja akamwombea dua, akajipangusa uso.

"Mjini wasema kweli wamebaki wachache," akasema, akapotea kati ya magari.

Toktosun akakata kona. Akachomeka plagi ya kwanza, akachomeka ya pili, akatoa kile kifaa akapima. Kifaa kikatafuta eabegi, kikatafuta tena, kikasema hakioni kitu. Akakipiga kofi. Hakikuona kitu.

Akafungua kifuniko cha usukani. Ndani mlikuwa na kipande cha zulia kuukuu, kimekunjwa vizuri, kimefungwa kamba. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi: waya wa taa ya puto umeungwa na wa taa ya oili, umezungushwa utepe safi kabisa. Akafunua zulia la sakafuni, lile alilolisifia. Mstari wa kuchomelea ulikuwa unatoka mlango huu hadi mlango ule.

Akakaa. Neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alikuwa amesema kweli, na sokoni pale ni yeye peke yake aliyekataa kuiamini.

Akampigia yule mwenye jina na namba kwenye karatasi za gari. Alikuwa mkulima, yuko Talas, mkoa wa mbali.

"Ile? Niliigonga masika, nikaiuza kama chuma chakavu," akasema. "Alinunua dada mmoja mpole sana."

"Ni mke wa mwanao?"

"Mimi nina mabinti watupu, ndugu yangu."

Ergesh, aliyemfuata kwenye kona na sinia lake la sambusa akasikia yote, akaketi chini ili acheke vizuri.

Ile simu haikuwa hata imepoa ikaita tena. Anarkul.

"Toktosun, naangalia sandukuni."

"Angalia vizuri."

"Naangalia mpaka mbao. Kesho saa kumi alfajiri naondoka kwenda mnadani. Zile pesa uje nazo leo, au Jumamosi utawaeleza wageni wewe, mmoja mmoja, ukianza na mama."

Polisi angewaambia nini? Kwamba kalizwa wakati analiza? Akaandika kwa Burul tusi refu, akalifuta. Akaandika kitisho, kikamchekesha mwenyewe, akakifuta. Mwisho akaandika:

"Dada Burul, ni mimi fundi. Nimekubali, wewe ni mkubwa wangu. Jumamosi mama mkwe wangu anatimiza miaka themanini. Umekaribishwa na jamaa zako wote. Njoo na farasi."

Akatuma. Alama mbili zikawa za buluu. Juu ya skrini pakaonyesha kwamba Burul anaandika. Halafu pakaacha kuonyesha.