Jicho Langu la Mbali, Jicho la Wifi la Karibu

Jumanne, 6 Mei 2025
Daktari kathibitisha. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia ndilo baya zaidi. Atatoa ukungu, ataweka lenzi ya bandia, mimi nichague. Ya kwanza inaona mbali, kusoma lazima miwani. Ya pili inaona karibu, barabarani lazima miwani. Ya tatu inaona kote kote, bei mara sita ya zile nyingine. Nikauliza bei ya jumla nikichukua mbili. Akasema Mama Mwanaidi, hapa si sokoni. Wasomi hawajui kuuziana.

Baya zaidi: kwenye benchi nilimkuta wifi yangu Rukia. Naye ana mtoto wa jicho. Hata ugonjwa ananiiga. Kaka yake alifariki akaniachia mizani iliyopinda, duka la mchele hapa Ipogolo nikalijenga mwenyewe. Mwaka wa pili tu, Rukia naye akafungua lake. Ng'ambo ya barabara.

Alhamisi, 8 Mei
Utafiti. Nimemhoji Mzee Timotheo, dereva mstaafu, aliyewekewa ile ya kote kote huko Mbeya. Anasoma gazeti bila miwani, na kibao cha ng'ambo anakisoma. Ila usiku taa za malori zinamjia na miduara kama sinia. Bei mara sita, na juu yake napewa miduara nisiyoagiza! Hapana.

Ya mbali ndiyo yangu. Malori ya mchele yanatoka Mbarali, na anayeliona lori kwanza ndiye anayechagua. Kasoro ni moja: punje kiganjani sitaziona. Miwani sivai, mimi si karani.

Jibu limekuja nikichambua maharage. Rukia achukue ya karibu.

Ijumaa, 9 Mei
Nimevuka barabara, nimemweleza. Mimi nione malori, yeye aone punje, mzigo tugawane. Lenzi mbili za bei ya chini, tukikaa pamoja tunaona kote kote. Akauliza kwa nini ya mbali nisimwachie yeye. Nikamwambia yeye ni mtu wa kushona vitambaa, ya karibu itamfaa. Akasema haya wifi, kumbe kaka aliolea akili. Nimeipokea kama sifa.

Jumamosi, 24 Mei
Tulipasuliwa wiki iliyopita, jicho moja moja, siku moja, mimi na yeye. Naona! Namba za malori nazisoma yakiwa bado darajani. Bati la duka la Rukia lina kutu, sikuwahi kujua. Siku njema. Kiganja changu mwenyewe naona uji mtupu, lakini hiyo ni kazi ya wifi.

Mzee Isihaka, msimamizi wa msikiti, kaja. Anatafuta gunia ishirini za mchele wa pilau ya Idd pale msikitini, usio na chenga, punje nzima tupu. Atakayempatia mzuri ndiye atakayemuuzia kila mwaka. Nimemwahidi. Rukia kasikia.

Jumatatu, 2 Juni
Lori la Idrisa, muuza mchele, kutoka Mbarali. Nimeliona kwanza, nimelisimamisha, nimemwita wifi. Akachota kiganja, akakisogeza puani, akazigeuza punje, akasikitika. Chenga tupu, akasema, na mawe. Hata kuku watakulaumu, wifi. Idrisa akaapa kwa watoto wake kwamba ni mchele wa daraja la kwanza. Nikamwambia aende zake, jicho la wifi halidanganyiki.

Nimemnunulia Rukia soda.

Jumatano, 4 Juni
Lori la Idrisa linashusha magunia. Kwa Rukia. Nimeyaona vizuri mno, hadi uzi mwekundu walioshonea.

Nikavuka. Isihaka alikuwa hapo, anatafuna punje mbichi, anasema mchele safi namna hii hajauona miaka mingi. Gunia zote ishirini kanunua kwake. Rukia akaniuliza mbele ya watu: wifi yangu, lori uliliona toka Nyololo huko mbali, mchele ukakushinda kiganjani? Wamecheka wote, na Idrisa naye. Mawifi ni watani, kwa hiyo sina haki ya kukasirika. Nimekasirika.

Alhamisi, 12 Juni
Pilau ya Idd nilikula sahani mbili, kwa ukaguzi. Chenga sikuhisi hata moja.

Leo kliniki, habari ya jicho la pili. Daktari kashauri la kushoto liwekewe ya karibu, nijitegemee. Nimekataa. Ya mbali tena. Kwa macho mawili ya mbali halitaingia gunia kwa Rukia nisilione.

Mpango wangu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa mtu. Rukia anaujua mchele kupita kiasi.

Nimeshapata mwingine, hapo hapo kwenye benchi. Sosthenes, mchimbaji mstaafu wa dhahabu toka Makongolosi, sasa anaishi kwa bintiye hapa Ipogolo. Anapasuliwa kesho. Nimemshawishi achukue ya karibu, aje akae dukani kwangu anikagulie mzigo. Nimemhoji kwa makini. Maisha yake yote amekula ugali, chenga hajui ni kitu gani.

Huyo hawezi kunidanganya.