Studio Niliyomchagulia Bochaberi

Jumatatu, 11 Agosti
Mwalimu Kezia amefunga studio yake hapa Migori. Ameolewa Busia. Binti yangu Bochaberi, miaka kumi na sita, anayeishi kwa ajili ya densi, alilia kidogo, kisha akasukuma viti na kuanza mazoezi sebuleni. Nikatangaza: studio mpya nitachagua mimi. Mke wangu Gesare akauliza najua nini kuhusu densi. Swali gani hilo! Nimeuza viatu miaka ishirini. Miguu naijua.

Jirani Arasa, muuza magodoro, akanijulisha bila kuulizwa kwamba binti yake Lynnet amepata nafasi katika studio ya Madam Mourine, Homa Bay. Vioo ukuta mzima! Nikamwambia wangu anagombaniwa na studio tatu. Hakuna hata moja inayomjua.

Jumanne, 12 Agosti
Studio ya kwanza, nyuma ya soko. Mwalimu Sammy akanipa soda na kuniita mkubwa. Nikakubali papo hapo. Bochaberi akamuuliza wanapasha mwili kwa muda gani kabla ya kuruka. Sammy akasema muziki wake ni moto, unawapasha wenyewe. Bochaberi akagonga sakafu kwa kisigino. Simenti tupu. Akasema hapo magoti yake hayatamaliza mwaka. Akashukuru, akatoka. Nikabaki kumaliza soda. Lakini mtoto ana kichwa! Amerithi.

Jumatano, 13 Agosti
Kwa Mourine imebaki nafasi moja. Sitaki kubahatisha. Nimeandika barua ya sifa kwa jina la Kezia: Bochaberi amecheza Nairobi mbele ya mabalozi, na akiruka hukawia kushuka. Sahihi imenitoka vizuri mno.

Alhamisi, 14 Agosti
Aibu! Kumbe Mourine ndiye aliyemfundisha Kezia. Tulipofika kwake alisoma barua, akampigia Kezia simu pale pale. Kezia akasema hajaandika kitu. Nikasema labda amesahau. Mourine akatuonyesha mlango. Nikainuka. Bochaberi hakusogea.

"Madam, barua ni ya baba," akasema. "Miguu ni yangu. Nipe dakika tatu tu."

Akapewa. Katikati akateleza, akaanguka kwa kishindo, Lynnet na wenzake wakitazama. Nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa ameshasimama, anaomba kurudia pale pale alipokosea. Akarudia. Mourine akamrekebisha bega, akamwambia arudie tena. Kisha binti yangu naye akamhoji Mourine: sakafu hii ya mbao ina nini chini yake, mtu akiumia nani humwangalia, na Jumamosi akiwa kanisani, maana sisi ni Wasabato, itakuwaje. Akaridhika. Akasema amechagua hapa. Mourine akacheka, akampa nafasi. Mimi nikapewa sharti langu: mwisho wangu ni getini. Nikatoka nje nikalia kama mtoto. Askari wa geti akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia yule aliye ndani ni wangu.

Jumamosi, 16 Agosti
Baada ya ibada kila mtu ananipongeza. Nikaeleza, kwa unyenyekevu, nilivyoichagua studio ile. Inataka jicho. Hata Arasa alinipa mkono. Omanga, ambaye kijana wake ni golikipa, akaomba nimsaidie kumtafutia akademia ya mpira. Nikamwambia asihangaike, iko moja nzuri Kosele, na kocha wake ni kama ndugu yangu. Amefurahi sana. Kesho asubuhi naenda Kosele kuuliza kama kuna akademia.