Blanketi la Rubani

Jamani, nimeumbuka leo. Na nimeumbukia angani, mahali ambapo huwezi kumwambia dereva nashuka hapa hapa. Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu uwanja wa ndege wa Dubai, kwenye intaneti ya bure, na nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjasambaza.

Hapo Tunduma wote mnaniita Rubani. (Kwa wageni wa ukurasa huu: sijawahi kuendesha hata pikipiki.) Jina lilikuja kwa sababu nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu kupanda ndege kwenda Dubai kufuata mzigo wa duka. Ndege kubwa, ya shirika la zamani. Chakula kwenye sinia, juisi ukitaka, blanketi juu ya magoti. Blanketi lenyewe nilishuka nalo. (Sikuiba. Nilisahau kulirudisha, kwa makusudi.) Nikalitandika kwenye kiti cha dukani, nembo juu, mteja aione. Wakulima wa kahawa wa Isansa waliniagiza redio, wafugaji wa Ndalambo waliniagiza tochi. Ukitaka kitu cha Dubai, lazima upite kwa Rubani. Niliishi hivyo miaka mingi, na nikanenepa.

Halafu likaja lile shirika jipya la bei chee. Nauli karibu nusu. Chakula unanunua, maji unanunua, blanketi usahau. Nikasema hakuna mwenye akili zake atakayepanda.

Akapanda Mama Sikitu.

Kwa asiyemjua, ni yule mshonaji aliyekuwa anashonea barazani kwangu. Mimi ndiye niliyempa kivuli. Akauza cherehani, akapanda ndege ya bei chee, akarudi na mapazia ambayo mji mzima ulikwenda kuyashika kwa mikono. Safari ya pili akaenda na wamama watatu wa kwaya. Wateja wangu wakawa wanapita mbele ya duka, wananisalimia kwa heshima zote, kisha wanaelekea kwake. Nilimwonea wivu. Siufichi wala siupambi. Nikiona pazia lake kwenye dirisha la mtu, siku hiyo ugali haushuki.

Nikaanza kueneza habari. Nikasema kwenye ndege zile watu husimama wameshika bomba. Nikasema wakishafika juu huzima injini moja kubana mafuta. Mzee mmoja wa Ndalambo akaniuliza, "Sasa Rubani, mbona wanarudi wazima?" Nikamwambia, "Bado mapema."

Shida ni kwamba duka lisiloingiwa na watu halinunui tiketi ya ndege kubwa. Mwezi huu rafu zimebaki na vumbi, na bila mzigo mpya nafunga. Mnaona nilikofika. Nikakata tiketi ya bei chee, kimya kimya. Mtaani nikatangaza kama kawaida: naenda na ndege kubwa, naondokea uwanja wa Songwe. Shemeji akajitolea kunisindikiza na gari lake. Tulipofika Nanyala nikamwambia nina mtu wa kuonana naye, aniache hapo hapo. Gari lake lilipogeuza tu, nikapanda basi la Dar, ndege ya bei chee inakoondokea. Mkobani nilikuwa nimekunja lile blanketi, maana nilisikia kwenye ndege ile kitu pekee cha bure ni baridi.

Leo nimeingia ndegeni, nimekaa siti ya nyuma, nimefunga mkanda, namshukuru Mungu kwamba hakuna anayenijua. Ndipo nikasikia mlangoni sauti ya Mama Sikitu, anauliza siti za dirishani ziko wapi. (Alisema anasafiri mwezi ujao. Mwezi ujao!) Nyuma yake wamama watatu wa kwaya. Wote wanakuja upande wangu.

Nikavuta blanketi, nikajifunika toka utosini hadi viatuni. Wakakaa, wawili mbele yangu, wawili ng'ambo ya njia.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Saa ya pili jasho likaanza. Saa ya tatu wahudumu wakapita na toroli wakiuza chai na mikate, na mimi siwezi kutoa hata mkono. Kisha kwaya wakafungua vyakula vyao: mahindi ya kuchemsha, mayai, karanga. Harufu ikanifuata humo humo nilimojificha. Tumbo likanguruma. Nikakohoa kulifunika. Likanguruma tena, nikakohoa zaidi.

"Huyu baba anaumwa," nikamsikia Mama Sikitu. Akanigusa bega. "Pole, baba. Ni homa?"

Nikakumbuka Kibemba cha kuuzia wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nikajibu kwa sauti nyembamba, "Eya mukwai," yaani ndiyo. Nilidhani wakijua ni Mzambia wataniacha.

"Maskini, Mzambia, halafu yuko peke yake," akasema. "Tumwombee."

Mnawajua wamama wetu. Mkono mmoja kichwani, mmoja mgongoni, mwingine sijui wa nani shingoni. Wakaanza chini chini, wakapanda. Abiria wakageuka. Mhudumu akaja mbio akidhani kuna mtu anakata roho. Mama Sikitu akamwomba Mungu amrudishe huyu baba salama kwa mkewe na watoto wake huko Zambia, nami nikaitikia amina. (Ningefanyaje?)

Halafu maombi yakakatika katikati. Nikasikia vidole vinapapasa blanketi usawa wa kiuno.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Hiki kiraka nimeshona mimi."

Mwaka ule pasi ya mkaa ilipotoboa blanketi langu, nililipeleka kwa mshonaji wa barazani. Akalitia kiraka cha kitenge cha kijani, uzi mwekundu. Sikumbuki kama nilimshukuru.

Blanketi likafunuliwa. Nyuso nne juu yangu.

"Rubani?"

"Bwana asifiwe," nikasema. (Ndilo neno lililokuwa karibu.)

"Amina," akasema Mama Sikitu. "Si ulisema huku watu wanasimama?"

Mmoja wao alicheka mpaka akateleza kwenye siti. Mhudumu akauliza kama mgonjwa ana nafuu. Mama Sikitu akamjibu, "Amepona kabisa, dada." Waliokuwa wanaelewa Kiswahili wakapiga makofi.

Hakunisema zaidi ya hapo, na hilo ndilo limeniuma. Alinipa hindi na mayai mawili, akanipisha dirishani nione mawingu, kama vile mimi ndiye mgeni wa ndege. Nilikula. Lile hindi lilikuwa tamu, na wivu ukanirudia pale pale, maana miaka yote ya sinia na juisi hakuna aliyewahi kunikaribisha chakula kwa jina langu.

Tulipokuwa tunashuka akaniambia, "Twende sokoni pamoja, Rubani. Tukinunua wengi wanatupunguzia." Wamesimama pale mlangoni, wananisubiri, na mimi najifanya naandika ujumbe muhimu.

Wamenipiga picha na blanketi, ndiyo maana nimewahi kuwaambia mwenyewe. Naombeni msicheke. Kama ni lazima, malizeni kabla sijarudi. Nimeuliza kama naweza kurudi na ndege ya siku nyingine, watu wa shirika wamenijibu tiketi ya bei chee haibadilishwi. Siti yangu iko katikati ya kwaya.