Malalamiko ya Mlezi wa Fukusi Dhidi ya Kunde Kaidi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Mbegu,

Natumaini u mzima. Mimi ni yule wa chumba cha nyuma, mwenye koti la mifuko iliyotoboka, ninayelea fukusi kwenye mitungi mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu ni kuwanenepesha. Kazi ya Bi Daktari, mzalishaji wa mbegu, ni kuwamwaga juu ya kunde zake aone zipi zitaliwa na zipi zitasalimika. Tulikuwa tunaelewana. Sasa amevuka mpaka, nawe umetangaza kwamba chumba changu kitafungwa Ijumaa. Nalalamika hivi:

1. Amechukua kunde ya porini, ndogo, ngumu, isiyo na adabu, akaiozesha kwa kunde yetu nono bila kuuliza ukoo wa upande wowote. Watoto wamerithi unono wa mama na roho ngumu ya baba. Wajukuu vilevile, na vitukuu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini huyu anapewa cheti!

2. Fukusi wangu wakitaga juu ya kunde hizo, mabuu yanatoboa, yanaonja, yanafia mlangoni. Mtungi wa mwezi uliopita ulikuwa umejaa. Leo hakuna hata mmoja wa kunitazama. Niliumia, sifichi.

3. Mkulima asiyeliwa mazao atakuja ofisini kwako kulalamikia nini? Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

4. Bi Daktari alinikuta koridoni akaniambia eti tufurahi pamoja. Tufurahi! Shahada tatu ukutani, na hajui kwamba mdudu akishindwa, mlezi wake naye kwisha habari.

Kwa heshima zote, naomba mbegu hiyo izuiwe mpaka ijifunze kuliwa angalau kidogo.

Nisalimie mlinzi, mama wa chai, na hata huyo Bi Daktari.

Ndimi mtiifu wako,
Mlezi wa Fukusi

N.B. Mke wangu amesimama nyuma yangu nikiandika. Kunde zetu za nyumbani, za kula na za kupanda, zimebaki matundu na unga. Fukusi wenyewe anawajua: amewafuata kwa macho mpaka kwenye mifuko ya koti langu. Tafadhali, nitengee debe moja la zile kaidi. Amesema kesho nisirudi nyumbani bila kunde hizo, wala nisirudi na koti.