Goti la Kilometa

Wewe umewahi kuona wanaume wazima watatu wakigombania goti moja? Mimi nimeona, jana asubuhi, kwenye benchi lililo kati ya birika langu la kahawa na kibanda cha fundi viatu.

Mwenye goti ni Kilometa, tarishi mstaafu wa miaka sitini na mmoja. Tangu aache kazi hukimbia kila alfajiri, na Jumapili hii ana mbio zake za kwanza, kilomita ishirini na moja. Viatu vyake vya kukimbilia vilikuwa kwa fundi, tunayemwita Soli, wiki ya tatu, vinangoja gundi, naye akikimbia na raba kuukuu. Kila akiviulizia, jibu lilikuwa kesho.

Ugomvi aliuanzisha Dokta. Huyu alilinda geti la hospitali miaka ishirini, ndiyo maana anatibu. Aliisogeza simu mbali na macho, akasoma: "'Wataalamu wasema kukimbia kwa kiasi hakumalizi magoti.' Haya!"

Soli akapiga nyundo. "Waongo! Kitu kikisuguliwa kinalika. Goti nalo ni soli, tena hii haiuzwi dukani."

"Soli haina damu, bwana," Kilometa akasema.

"Na wewe damu itakubakia kijiko kimoja! Utaondoka Jumapili, utarudi Jumatano kwa mkokoteni."

"Mgonjwa wangu, hebu kunja goti," Dokta akaingilia. Kilometa akakunja. Likalia ko! "Mmesikia? Hiyo kutu."

"Mtu hashiki kutu, Dokta!" Kilometa akapinga.

"Wewe umesomea wapi?"

"Na wewe je? Getini?"

"Getini ndiko wanakopita wote, madaktari na maiti!"

Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani.

"Sikilizeni," Kilometa akasema. "Likiuma napumzika. Mwendo naongeza kidogo kidogo. Haraka haraka haina baraka, hata kwenye mbio. Lakini wewe Soli unakaa kigodani kutwa, ukiinuka unakumbatia ukuta kama mchumba. Nani mwenye goti bovu hapa?"

Soli akanuna, akauma uzi.

Hapo akaja mama mmoja na viatu vyeusi vya mumewe ndani ya boksi. Vilivaliwa harusini mara moja, vikakaa kabatini miaka saba. Juzi mume kavivaa, soli zote mbili zikabaki mlangoni, yeye akatoka na ngozi za juu tu.

Soli akavigeuza, akasahau kununa. "Mama, nani kakwambia kiatu kinawekwa? Kikikaa bila kutembea, gundi inakauka, soli inapasuka yenyewe. Mngekivaa hata kidogo kidogo, kingekuwa kizima mpaka leo!"

Mama yule akadhani amekosea kitu, akaahidi kurudi kesho, akaondoka.

"Fundi," Dokta akasema polepole, "hebu rudia hapo pa kukaa bila kutembea."

"Nilikuwa naongea habari za viatu!"

"Na goti si ulisema ni soli?"

Kilometa hakucheka. Alinyoosha mkono tu. "Ndugu yangu, nipe viatu vyangu. Zimebaki siku nne."

Soli akainuka, kweli kwa kushika ukuta, akavuta sanduku la chini. Viatu vilikuwa vimefungwa kwenye gazeti. Gundi kavu zamani, mishono imepitiwa mara mbili, hata kamba zimefuliwa.

"Hivi vimekuwa tayari tangu lini?"

"Wiki ile ile uliyovileta."

"Unanifichia viatu, Soli? Nimekukosea nini?"

Fundi akafuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na uchafu. "Miaka tisa, kabla hujaingia kazini, tulikuwa tunafungua kibanda hiki pamoja, kahawa mbili mbili kwa Bibi hapa. Sasa unanipita mbio, unanipungia mkono kama waziri. Hata siku moja hujasimama ukasema, 'Soli, vaa twende.' Ningekataa, najua. Lakini nilitaka uniambie."