Mchuzi wa Mama Ndani ya Boti

Jumatatu, 8 Julai
Wageni watatu tu leo kwenye boti yangu ya kutazama nyangumi. Na hata mkia hatukuuona. Jirani yangu Gudlaug kajaza boti yake tena, na wageni wake wamerudi wanalia kwa furaha. Hivi mwanamke huyu anawaita nyangumi kwa filimbi? Bi Vigdis wa hotelini ametangaza: Jumamosi atapanda boti yangu, Jumapili ya Gudlaug, kisha atachagua moja ya kubeba wageni wake wote. Nikikosa, boti ya marehemu baba inauzwa. Siuzi ng'o!

Jumatano, 10 Julai
Mbinu: kumfuata Gudlaug. Kimya kimya, nyuma ya visiwa. Nimemfuata fyodi nzima, mkono wa bahari kati ya milima, wageni wangu wakitetemeka kwa baridi, mpaka akafunga boti gatini kwa shangazi yake. Kumbe alikuwa anampelekea viazi! Akanipungia mkono, akauliza mbele za watu: jirani, na wewe umeleta viazi? Wageni wakacheka. Wageni wangu! Namchukia.

Ijumaa, 12 Julai
Nimepata dawa. Nyangumi humpangii saa ya kutokea, lakini mgeni akishiba atasamehe yote. Nitapika mchuzi wa marehemu mama: nyama nyekundu, viazi, mbegu za mreteni, jibini ya kahawia. Gudlaug hugawa biskuti tu. Kwisha habari yake! Dada yangu Oddny ameonja, akauliza kama nina hakika na nyama hiyo, kwa wageni hao. Nikamwambia tumeila tangu utotoni, nani kafa? Akasema haya, shauri yako.

Jumamosi, 13 Julai
Bahari shwari. Bi Vigdis kakaa mbele, nyuma Wajerumani waliovaa fulana zenye picha za nyangumi. Nikapakua. Wakalamba bakuli! Bibi mmoja akaomba nyongeza. Mara, pwaa! Nyangumi na mtoto wake, ubavuni kabisa! Watu machozi. Bi Vigdis akanibana mkono kwa furaha. Nimeshinda! Yule bibi, kijiko mdomoni, akauliza nyama tamu hivi ni ya mnyama gani. Nikamwonyesha kwa mwiko, kifua mbele: huyo hapo, bibi, ila wa kwenye bakuli alikuwa mdogo kidogo.

Kijiko kikamdondoka bibi. Kisha vilio. Wametapika upande ule ule alikokuwa nyangumi. Tulipofika gatini Bi Vigdis alishuka wa kwanza. Hapo akatamka neno moja tu: Gudlaug.

Jumatatu, 15 Julai
Boti imeuzwa. Kainunua Gudlaug, loo! Nimelia kama mtoto, sioni aibu kuandika. Oddny kaniuliza kama angalau nimejifunza. Nimejifunza sana! Kosa lilikuwa bahari. Majira ya baridi nahamia nchi kavu: watoto wa wageni, theluji, gari la kuteleza linalovutwa na kulungu wa kufugwa. Watawapapasa, watawapa majina, watawabusu puani. Mchana, chakula moto: kulungu kwa jibini ya kahawia. Na safari hii napika sufuria mbili, wa kuomba nyongeza wasikose.